Sekunde Arobaini za Kasi

Saa tatu na nusu asubuhi mwenyekiti wa kamati ya vifaa alisimama nyuma ya kompyuta mpakato mpya katika chumba cha michoro, akaitazama kama hakimu amtazamavyo shahidi aliyebadilisha maneno. Mstari wa buluu unaoonyesha kazi iliyokwisha kufanyika ulikuwa umefika asilimia kumi na moja. Alipoondoka jana jioni aliuacha kwenye asilimia nane.

"Fundi!"

"Nipo, Mzee."

"Hii mashine imelala?"

"Haijalala, Mzee. Imechoka."

"Imechoka? Ina wiki moja tangu itoke kwenye boksi! Mimi nina miaka hamsini na tisa na sijachoka."

Mchoraji mmoja wa meza ya dirishani alicheka, kisha kwa haraka akakigeuza kicheko chake kuwa kikohozi. Mzee alimgeukia, na kikohozi kikapona papo hapo.

Mwenyekiti huyu alikuwa mchoraji ramani mkuu wa ofisi ile, mrefu, mkavu, shati limenyooshwa pasi mpaka kwenye pindo za mikono, na mfukoni kalamu mbili: nyeusi ya kuandikia, nyekundu ya kukatia. Mbele yake watu walimwita Mzee. Nyuma ya mgongo wake walimwita Nukta, na jina hilo alilijua, na kwa siri alilipenda. Alilipata kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, siku mzabuni mmoja alipoileta karatasi ya kuchorea pamoja na orodha ya vipimo kumi na viwili. Kamati ilisifia upana, ikasifia weupe, ikasifia ulaini, na hakuna aliyeona kwamba uzito ulikuwa pungufu mpaka wino ulipopenya upande wa pili na kuharibu ramani za mwaka mzima. Siku hiyo hiyo alikula kiapo: kitu kimoja, kipimo kimoja. Kila kifaa kilichoombwa kilipewa mstari mmoja katika fomu, na katika mstari huo tarakimu moja tu, ili asiwepo mjanja wa kujificha nyuma ya tarakimu nyingine. Kilichofikia kiliingia. Kilichopungua hata kwa nukta kilirudi kilikotoka. Kwa kanuni hiyo alikuwa amewarudisha binamu za wakubwa, na marafiki wa binamu zao. Hata shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeleta taa zenye mwanga pungufu, alirudishwa mlangoni, na mpaka leo wawili hao wakikutana msibani hupeana mgongo.

Miaka kumi na tisa. Hakuna mzabuni aliyempiga chenga.

Na sasa hizi kompyuta sita. Zilinunuliwa kwa kazi moja: kuunganisha picha elfu tatu na mia mbili zilizopigwa na droni juu ya mtaa wa bondeni, zizae ramani moja itakayoonyesha nyumba zipi zitafikiwa na maji mvua zikianza. Halmashauri iliitaka ramani hiyo kabla ya mwisho wa mwezi.

Fundi wa kompyuta alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine ya pili iliyokuwa imezimwa na kupoa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi, bisibisi ndogo mfukoni mwa sketi. Alikuwa hapo kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa ulikuwa ukingoni.

"Angalia hapa, Mzee. Huu mchoro mdogo ni kasi ya prosesa, yaani kichakataji, ubongo wa mashine. Naianzisha kazi sasa hivi."

Mstari ulipanda kama roketi, ukasimama kwenye nne nukta saba.

"Si ndiyo hiyo!" alisema Mzee. "Nne nukta saba, kama boksi lilivyosema."

"Subiri."

Walisubiri. Sekunde ya arobaini mstari ulikunja goti, ukashuka hadi mbili nukta tisa. Dakika ya nane ulikuwa umelala chali kwenye moja nukta tatu, na hapo ukabaki.

"Zote sita hufanya hivi," alisema Fundi.

Mzee alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. "Tumeibiwa," alisema kwa sauti ya chini, na waliomfahamu waliinamisha vichwa, kwa kuwa sauti ya chini ndiyo iliyokuwa mbaya. "Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mpigieni simu yule mzabuni. Aje sasa hivi, hata kama anaoga."

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Mzee aliuona ule mdomo ukifunguka na kufungwa, na hakuupenda.

*

Mzabuni alifika kabla ya saa ya chai. Alikuwa bwana mnene mwenye manukato yaliyotangulia mlangoni na kicheko kilichofuata nyuma yake, na kwapani alibana faili.

"Shikamoo, Mzee wangu!"

"Marahaba. Usinichekee. Ulituahidi nne nukta saba."

"Na nimewapa."

"Inakwenda moja nukta tatu! Baiskeli ya mlinzi inaipita!"

"Ikiwa imechoka, sawa. Lakini nne nukta saba haifiki?"

"Inafika kwa sekunde arobaini!"

"Basi inafika," alisema mzabuni kwa upole, akaketi bila kukaribishwa na kulifungua faili. "Niruhusu nisome. Kipengele cha sita. Kompyuta mpakato, sita. Kasi ya kichakataji: isiyopungua gigahezi nne nukta tano. Nimemaliza. Mzee, mwandiko huu ni wa nani?"

Mzee hakuhitaji kuinama. Herufi zile za kusimama wima kama askari wa gwaride alizifahamu. Alianza kuziandika hivyo akiwa kidato cha kwanza, bwenini, chini ya mwalimu aliyepima urefu wa herufi kwa rula.

"Hamkuandika kasi hiyo idumu kwa muda gani," aliendelea mzabuni. "Hamkuandika viini vingapi. Hamkuandika wati, hamkuandika feni. Mngeandika, ningeleta. Kwani mwenzangu aliyekuja na zile nene, zenye feni mbili, mlimfanya nini? Alikuwa na nne nukta nne, mkamtoa nje. Mimi nilikuwa pale kwenye benchi nikisubiri zamu yangu. Nikajisemea, huyu mzee kiboko! Nikarudi dukani, nikatafuta yenye namba kubwa zaidi. Namba ndiyo mliyotaka, jamani."

"Ulijua kwamba haitafaa."

"Nilijua kwamba mmeiomba." Alifunga faili. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni, na chini yake palikuwa na mtu mzima aliyechoka kuitwa mwizi. "Mimi si tapeli, Mzee. Ukinishtaki nitakuja na karatasi hii tu, sitakuja hata na wakili. Haya, siku njema. Siku njema, Fundi. Wachoraji, kazi njema."

Aliwaaga wote mmoja mmoja, kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma Mzee kuliko tusi.

Mlango ulipofungwa, hasira iliyokuwa imemfuata mzabuni ilirudi chumbani ikitafuta mtu mwingine. Ikamkuta Fundi.

"Na wewe! Umesimama hapo kama nguzo ya umeme. Kwa nini hukuniambia?"

Fundi alivua miwani iliyokuwa puani, akaiachia ining'inie.

"Nilikuambia, Mzee. Nilikuletea karatasi yenye mistari mitano. Ukaikata minne na nusu kwa kalamu yako nyekundu. Nikarudi ofisini kwako nikakuambia kwa mdomo. Ukasema mistari mingi ni vichaka vya wezi. Nikasimama kwenye kikao nikaanza kusema, ukaniambia kamati haina kiti cha wasaidizi, nikatoka nje. Hizo ni mara tatu."

"Kuniambia si kunielewesha!"

"Kumwelewesha mtu kunahitaji akubali kwanza kwamba hajui."

Hakuna aliyekohoa. Mzee alitoka nje akiubamiza mlango kiasi kwamba ramani ya zamani iliyotundikwa ukutani ilibaki ikiyumba.

*

Mkurugenzi alimwita kabla ya saa sita. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano. Mzee ndiye aliyemfundisha kushika kalamu ya wino siku za mwanzo, na pengine ndiyo maana Mkurugenzi alimkaribisha kiti kabla hajasema neno.

"Habari zimenifikia, Mzee. Halmashauri nao wamesikia, na wanataka maelezo. Unajua watu hawa. Wakisema maelezo wanataka jina."

Alisukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa taarifa iliyokwisha kuchapwa. Mzee aliisoma taratibu, kama alivyosoma kila kitu. Katikati palikuwa na sentensi hii: fundi aliyekagua vifaa na kutia sahihi alishindwa kubaini upungufu wa kitaalamu uliokuwa wazi.

"Fomu ya ukaguzi iliuliza swali moja," alisema Mzee. "Kifaa kimefikia kipimo kilichoandikwa au hakikufikia. Alijibu kimefikia. Kilikuwa kimefikia."

"Sahihi ni yake."

"Ndiyo, sahihi ni yake."

"Basi." Mkurugenzi alifungua mikono. "Hatumfukuzi. Mkataba wake unaisha mwezi huu, hatumwongezei, mambo yanapoa. Wewe umebakiza mwaka mmoja. Nimekwisha kuwaambia tukuage kwa heshima, na ukumbi huu wa mikutano upewe jina lako. Weka sahihi kama mwenyekiti, uniletee kesho saa nne."

Fundi anayeandikwa hivyo katika taarifa ya halmashauri haajiriwi tena na halmashauri yoyote. Hilo wote wawili walilijua, na hakuna aliyelisema. Mzee angepaswa kuichana karatasi ile hapo hapo. Badala yake aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu zake. Alipokuwa akishuka ngazi alihisi kifua chake kimekuwa chepesi. Alishuka ngazi nne zaidi kabla hajatambua wepesi ule ulikuwa nini. Ulikuwa nafuu. Alisimama, ameshika reli, akajichukia kama ambavyo hajawahi kumchukia mzabuni yeyote.

*

Alikula chakula cha mchana nyumbani kila siku, kwa kuwa nyumba ilikuwa mwendo wa dakika saba kutoka ofisini. Mkewe, muuguzi mstaafu aliyekaa miaka thelathini katika wodi ya wazazi, alimtazama alivyovua viatu.

"Leo umemgombeza nani?"

"Sijamgombeza mtu."

"Kiatu cha kushoto umekirusha. Ukiwa umegombeza mtu mmoja hukiweka tu upande. Ukikirusha ni watu kuanzia wawili."

Alimweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, akianzia kwenye kompyuta, akafuata mzabuni, akafuata Mkurugenzi. Karatasi akaiweka mezani juu ya kitambaa cha plastiki. Mkewe aliisoma akiwa amesimama, bakuli mkononi.

"Huyu binti alikuonya au hakukuonya?"

"Lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno. Viini, wati, kasi ya msingi. Kamati ya watu saba ingeelewa vipi..."

"Mume wangu, nimekuuliza swali la neno moja."

Mzee alichukua kijiko, akakirudisha.

"Alinionya."

"Mara ngapi?"

"Hilo si swali la neno moja."

"Ni la namba moja. Si namba ndizo unazozipenda?"

"Tatu!" alifoka. "Mara tatu! Umefurahi?"

"Usinifokee mimi, sijanunua kompyuta." Aliweka bakuli mezani. "Nikiwa wodini, daktari akiandika dozi mbaya na nesi akamwambia, halafu mambo yakaharibika, ilikuwa kawaida kuandika jina la nesi. Nilikuwa nakuja hapa nikikusimulia. Unakumbuka ulikuwa ukisema nini?"

Alikumbuka. Alikuwa akisema kwamba daktari wa namna hiyo anastahili kuvuliwa koti mbele ya wagonjwa. Hakumaliza chakula.

*

Chumba cha Fundi kilikuwa stoo zamani. Rafu zilijaa kibodi zilizokufa na nyaya zilizofungwa mafungu kwa mpira. Mzee aligonga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika jengo lile.

"Kama umekuja kwa ajili ya karatasi, naijua," alisema Fundi bila kugeuka. "Aliyeichapa ni binadamu, ana mdomo."

"Nimekuja unieleweshe zile namba."

Sasa aligeuka. "Ili iwe nini?"

"Ili nijue ninachowekea sahihi."

"Aa! Unataka kunizika ukijua kina cha kaburi."

"Binti, chunga ulimi wako."

"Nimeuchunga mwezi mzima, Mzee, umeona ulipotufikisha. Sikuombi huruma. Niliulizwa swali, nikajibu ukweli, nikasaini ukweli." Alivuta moja ya kompyuta nyembamba iliyokuwa ikifanya kazi mezani, akaiinua upande mmoja. "Lakini kama umekuja kujifunza, lete mkono. Weka hapa chini."

Mzee aliweka kiganja. Alikiondoa mara moja, akakipuliza.

"Hicho ndicho kipimo ulichokikata," alisema Fundi. "Mstari wa tatu, wati. Prosesa ikifanya kazi inatoa joto. Joto lisipopata pa kutokea, prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Hii haina feni hata moja. Ni nyembamba, nzuri kuitia kwenye mkoba na kuandikia barua. Ile nene uliyoirudisha ilikuwa na feni mbili, na wati mara tatu ya hii."

"Lakini boksi linasema nne nukta saba."

"Linasema hadi nne nukta saba. Hiyo ni kasi ya mwisho, ya kiini kimoja, mashine ikiwa baridi, kwa muda mfupi. Kuna namba nyingine ndogo pembeni, kasi ya msingi. Hiyo ndiyo mtengenezaji anayokuahidi kwa kutwa nzima. Hapa ni moja nukta mbili." Alimtazama. "Mzee, ulipokuwa kijana, mstari mmoja wa wino, wa urefu wa rula, ulikuwa ukiuchora kwa sekunde ngapi?"

"Mbili. Hakuna aliyenishinda."

"Na kutwa nzima ulichora kwa mwendo huo?"

"Mkono ungekufa ganzi kabla ya saa nne."

"Mtu akikuajiri kwa kuziangalia zile sekunde mbili tu, asiulize jioni utakuwa umechora mistari mingapi?"

"Atakuwa mpumbavu," alisema Mzee.

Fundi aliliacha neno lile hewani, kati yao wawili, mpaka lilipompata mwenyewe.

Mzee alivuta kigoda, akakaa. Masikio yalikuwa yakimwaka. "Endelea," alisema. "Viini."

"Viini ni wachoraji waliomo ndani. Kazi yetu ya picha inagawanyika, kila mchoraji anapewa fungu lake. Hii nyembamba ina viini kumi kwenye karatasi, lakini vikubwa ni viwili. Vinane vilivyobaki ni vidogo, ni wale wa kupokea simu na kufuta meza. Ile nene ilikuwa na vinane, vyote wachoraji kweli kweli, na kasi ya msingi tatu nukta mbili."

Mzee alitoa kalamu nyeusi. Nyuma ya bahasha akaandika: nane mara tatu nukta mbili, ishirini na tano nukta sita. Mbili mara moja nukta tatu, mbili nukta sita. Akaweka tarakimu mbili zile zitazamane.

"Si hesabu kamili," alionya Fundi. "Vile vidogo navyo vinasaidia kidogo, na mashine za aina tofauti hazilinganishwi hivyo tu. Usiende nayo kwa watu. Lakini inakuonyesha tulikopotelea."

"Ninyi hamkupotea," alisema Mzee.

Aliitazama bahasha. Alimkumbuka yule mzabuni mwingine, kijana mwenye kompyuta nene aliyokuwa akiikumbatia kwa mikono miwili, aliyejaribu kueleza jambo. Alikuwa amemkata kauli: nne nukta nne si nne nukta tano, bwana mdogo, mlango ule pale. Wajumbe walicheka, naye alitembea kifua mbele mpaka jioni.

"Nilimtoa kwa tofauti ya nukta moja," alisema.

"Nukta moja ya sekunde arobaini." Fundi aliirudisha kompyuta mezani. "Haya, sasa umeelewa. Nenda kasaini."

Alilisema bila machozi na bila kupandisha sauti, akageukia kazi yake. Mzee alisimama. Alitaka kumwambia kwamba miaka kumi na tisa haikuwa bure, kwamba kanuni ile iliwazuia watu wabaya, kwamba alikuwa peke yake mlangoni wakati wengine walikuwa wakifungua madirisha. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na maana ndani ya stoo ile. Alitoka, akaufunga mlango polepole.

*

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kamili, alikuwa dirishani kwa karani wa masjala na nakala tatu za barua aliyoiandika kwa mkono nyumbani jioni, mbele ya mkewe, aliyemfutia sentensi mbili zilizoanza na neno "ingawa".

"Moja ya halmashauri, moja ya mkaguzi wa ndani, moja ya Mkurugenzi," alisema. "Gonga muhuri wa kupokelewa."

Karani alisoma mstari wa kwanza, akaondoa miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mzee, una uhakika?"

"Nimekuomba muhuri, sijakuomba ushauri."

Saa nne Mkurugenzi alikuwa ameisoma, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Hii siipokei."

"Imekwisha kupokelewa. Tazama pembeni."

"Umepitia masjala kabla ya kuja kwangu?"

"Ndiyo. Ningeanzia kwako, ingeishia kwako."

Mkurugenzi aliinuka. "Unajua umeandika nini hapa? 'Vipimo vilikatwa na mimi kwa mkono wangu. Sikuvielewa, na nilimzuia aliyevielewa asiseme.' Nani anaandika hivyo? Nani, Mzee? Nilikuwa nakulinda!"

"Ulikuwa unanilinda kwa mgongo wa mtu."

"Nitakutoa kwenye kamati."

"Aya ya mwisho. Nimekwisha kujitoa."

"Likizo ya kustaafu unaianza mwezi ujao. Na jina kwenye ukumbi, lisahau!"

"Ukumbi una namba mlangoni, inatosha." Mzee naye alikuwa amesimama, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Tarehe tatu alizonionya zimo kwenye barua. Ukimnyima mkataba, utaandika sababu, na sababu hiyo itapita masjala kama hii. Nilikufundisha kuandika kwa wino ili usifute. Jaribu."

Alitoka bila kuaga.

Katika chumba cha michoro palikuwa na kelele kama ya uwanja wa ndege. Fundi alikuwa amekusanya feni za mezani kutoka kila ofisi aliyoweza kuingia, akaziinua kompyuta juu ya vitabu ili hewa ipite chini, na kila moja akaipa fungu dogo la picha. Wachoraji walikuwa wakijipepea kwa bahasha, jasho linawatiririka. Mashine ya kwanza ilikuwa kwenye asilimia thelathini na nne.

"Itawahi?" aliuliza Mzee.

"Siku mbili baada ya tarehe yao. Watanuna, lakini mvua hazijaanza."

Mzee alimpa rasimu ya barua aliyobaki nayo mfukoni. Alisimama akisubiri huku feni zikimpeperusha tai, na ingawa asingekubali kamwe, alikuwa akitarajia kitu. Labda neno. Labda kutikisiwa kichwa tu.

Fundi alisoma ukurasa wote. Akarudi katikati, akaweka kidole.

"Ulitaka nikushukuru?"

"Hapana."

"Vizuri, kwa sababu sitakushukuru. Na hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika kwamba vifaa ni vibovu. Si vibovu. Vinafanya kile kile vilichotengenezwa kufanya. Ukiandika vibovu, kesho watamkamata yule mzabuni aliyekuletea ulichoomba, na tutakuwa tumebadilisha tu mtu wa kuonewa. Andika havifai kwa kazi hii."

"Barua imekwisha kugongwa muhuri! Nakala tatu!"

"Nisamehe, sikuwepo dirishani."

Mzee alimtazama, akaitazama barua. Shingo ilimvimba. Aliinyakua karatasi, akageuka, akapanda ngazi mbili mbili kama mtu wa nusu ya umri wake, akasimama dirishani akihema.

Karani wa masjala aliinua macho. "Tena, Mzee?"

"Tena," alisema, akivuta kalamu. "Nipe karatasi safi. Nakala tatu."